Uzingatiaji ni nini kwa kampuni ya mikopo?

Kampuni ya mikopo pale Mwanjelwa, Mbeya, ikishtakiwa na mkopaji, wakili haanzi na kuuliza mtu huyo alikopa kiasi gani. Anauliza faili lake liko wapi. Hapo ndipo maana ya uzingatiaji inapoonekana.

Wengi hudhani uzingatiaji ni leseni iliyotundikwa ukutani. Leseni ni lazima: chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji asiyepokea amana yuko daraja la pili na husimamiwa na Benki Kuu. Lakini uzingatiaji ni kufanya kila hatua ya mkopo kama sheria inavyotaka, na kubaki na ushahidi kwamba ulifanya hivyo.

Chukua mfanyabiashara wa viazi wa Uyole aliyeweka nyumba dhamana. Bei inaanguka, marejesho yanasimama, dalali anaitwa. Mara mke anakwenda mahakamani: hii ni nyumba ya ndoa na mimi sikuridhia. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuiweka rehani bila ridhaa ya mwingine. Faili linafunguliwa. Kuna jina la mke na dole gumba la wino wa buluu. Nani alishuhudia? Alisomewa masharti kwa Kiswahili, au alionyeshwa tu pa kubonyeza? Kama afisa mikopo alimpa mume fomu akamwambia, "Mpelekee mama asaini," ikarudi kesho yake, kampuni imepoteza pa kusimamia. Inaniuma kila ninapoliona hilo, maana safari fupi ya daladala hadi Uyole ingeiokoa nyumba ya watu na fedha za kampuni pia.

Hata ridhaa ikiwepo, nyumba iliyowekwa rehani haiuzwi kabla mkopaji hajapewa notisi ya siku 60. Ujumbe wa simu wa "leta hela leo" si notisi. Inatakiwa nakala yenye saini ya aliyepokea na tarehe.

Kuwapigia ndugu na majirani wa mkopaji ili aaibike nako hakuteteeki kirahisi, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Binafsi naona hakukuwa na heshima hata kabla ya sheria hiyo.

Kesi ya madai ikishafunguliwa, utetezi wa maandishi hupelekwa ndani ya siku 21 tangu wito upokelewe, ukijibu madai aya kwa aya. Kukana kwa jumla hakutoshi, na kampuni isipojibu, kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja. Wito aliopokea mlinzi ukalala kwenye droo ya mapokezi unakula siku hizo kimyakimya. Kwa hiyo andikeni tarehe na saa ya kuupokea juu ya wito wenyewe, na siku hiyohiyo faili lifike kwa wakili likiwa zima, pamoja na karatasi mnazotamani asizione.