Silika mseto yenye vitundu ni nini, na hunasaje sehemu nzito za mafuta ghafi?

Silika mseto yenye vitundu ni unga uliotengenezwa kwa kuunganisha silika, yaani kitu kilekile kinachounda mchanga na kioo, na vikundi vya kaboni vilivyofungwa kwake kikemia, huku ndani ukiwa umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Miongoni mwa kazi zake ni kunasa sehemu nzito za mafuta ghafi. Molekuli zinazonaswa hazizami katika silika yenyewe, bali hushikamana na kuta za vitundu, ndiyo maana ukubwa wa uso huulizwa kwanza. Gramu moja ya silika ya aina ya MCM-41, iliyotangazwa na watafiti wa kampuni ya Mobil mwaka 1992, huweza kuwa na uso wa takriban mita za mraba 1,000.

Mpangilio wa vitundu hivyo atauelewa upesi mkazi wa Tabora aliyezoea kuona sega la asali: vyumba vya pembe sita vilivyobanana, ila hapa upana wa chumba ni nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Huundwa kwa kutumia kemikali za jamii ya sabuni, ambazo molekuli zake ndani ya maji hujikusanya kuwa vijiti. Silika huganda kuvizunguka vijiti hivyo, kisha sabuni huondolewa na nafasi zake kubaki wazi. Silika ya kuanzia huweza kupatikana hata kwenye majivu ya pumba za mpunga, mali ambayo wakulima wa Igunga na Nzega hawaikosi.

Sehemu nzito zinazolengwa hasa ni asfalteni, yaani molekuli kubwa zenye pete bapa za kaboni, na resini, ambazo ni jamaa zake ndogo kidogo. Asfalteni huyeyuka katika kiyeyusho kiitwacho tolueni lakini hujitenga na kutuama mafuta yakichanganywa kwa wingi na kingine kiitwacho heptani. Hubeba salfa, nitrojeni, nikeli na vanadi, huziba mabomba, na kwenye viwanda vya kusafishia mafuta huharibu vichocheo. Kwa kuwa hupenda kushikana na kuwa mafungu, kitundu chembamba mno huzibwa mdomoni na uso wote wa ndani ukabaki bure. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tarakimu kubwa za mita za mraba zinapowapotosha wengi.

Umuhimu wa mseto uko kwenye kuta. Silika tupu ina vikundi vya oksijeni na hidrojeni vinavyovuta sehemu za asfalteni zenye chaji kidogo, lakini huvuta maji vilevile, na palipo na maji nafasi hujaa mapema. Ukutani pakiwekwa pete za benzini, yaani pete bapa za atomi sita za kaboni, maji husukumwa kando, na pete bapa za asfalteni hulala juu ya pete hizo. Pakiwekwa vikundi vya amini, yaani vyenye nitrojeni na tabia ya besi, asidi zilizomo katika mafuta ndizo hunaswa zaidi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba unga huu ungeondoa haja ya kupasha moto Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, ambalo mabomba yake yalivalishwa tabaka la kuhifadhi joto huko Sojo, wilayani Nzega. Mafuta ya Uganda huganda kwa sababu ya nta, na nta ni minyororo mirefu isiyo na chaji wala pete, hivyo kuta za aina hii hazina cha kuishikia.

Maabara hupima unasaji kwa njia nyepesi: asfalteni huyeyushwa katika tolueni hadi kimiminika kiwe cha kahawia, unga hutiwa, chupa hutikiswa kwa saa kadhaa, kisha hupimwa ni kiasi gani rangi imepungua. Ugumu huja wakati wa kuusafisha unga uliokwisha kushiba. Silika tupu huchomwa na kutumika tena, lakini moto huohuo huunguza vikundi vya kaboni vya silika mseto, kwa hiyo hulazimu kuisuuza kwa kiyeyusho, na kila msuuzo huacha asfalteni kidogo vitunduni.