Meno ya Utoto: Maswali na Majibu kwa Anayempigisha Mtoto Mswaki

Meno ya utoto si yatang'oka tu? Ya nini kuhangaika nayo?

Yatang'oka, lakini kila jino kwa wakati wake. Ya mbele huanza kulegea mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Magego hubaki mdomoni hadi miaka 10 au 12. Kwa hiyo gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 3 lina miaka saba au zaidi ya kumuuma, kujaa usaha na kumkosesha usingizi na chakula.

Tena jino la utoto ni rahisi kuharibika. Ganda lake la nje ni jembamba, karibu nusu ya lile la jino la ukubwani, na kiini chenye mishipa ya fahamu kiko karibu na uso wa jino. Tundu dogo linaweza kukifikia katika miezi michache. Gego likilazimika kung'olewa mapema, meno jirani husogea kuziba pengo, na jino la kudumu likipanda linakuta nafasi imekwisha. Hapo huota kando au kupinda.

Nianze lini, na dawa ya meno kiasi gani?

Anza siku jino la kwanza linapochomoza. Kwa wengi ni karibu na miezi 6. Wengine hutangulia, wengine huchelewa hadi kutimiza mwaka mmoja, na hilo peke yake si ugonjwa. Hadi miaka 3 paka dawa kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Ule mstari mnene unaojaza mswaki wote kwenye matangazo upo kwa ajili ya kuuza dawa.

Iwe na floraidi, madini yanayokinga meno yasioze. Soma kasha: namba inayoandikwa pamoja na herufi ppm (kipimo cha kiasi cha floraidi) iwe 1000 au zaidi. Mtu mzima ndiye abonyeze dawa na kuiweka mbali baadaye, maana mtoto mdogo huimeza, na floraidi ikizidi kwa muda mrefu huacha madoa kwenye meno ya kudumu yanayojengeka ndani ya fizi. Kama maji ya kunywa ya eneo lenu yanajulikana kuwa na floraidi nyingi, muulize daktari wa meno kwanza.

Akimaliza ateme, lakini asisukutue kwa maji. Kusukutua huondoa floraidi iliyotakiwa kubaki juu ya meno.

Mtoto wangu analia kila nikimpigisha mswaki. Nakosea wapi?

Mara nyingi kosa liko juu, katikati. Inua mdomo wake wa juu utaona kamba nyembamba ya nyama inayoshika mdomo na ufizi. Mswaki ukiigonga, inauma kweli. Ifunike kwa ncha ya kidole cha mkono mmoja, kisha sugua kwa mkono mwingine. Watoto wengi hutulia kwa hilo tu.

La pili ni mkao. Ukisimama mbele yake huoni magego ya nyuma, nawe unaishia kusukuma mswaki kwa kubahatisha. Mlaze kichwa chake kikiwa mapajani mwako, uso ukitazama juu. Laza mswaki wenye nyuzi laini na kichwa kidogo kwenye mpaka wa jino na ufizi, ukiuinamisha kidogo kuelekea ufizi, kisha zungusha taratibu kwa viduara vidogo. Nje, ndani, halafu juu ya magego kwenye mifereji ya kutafunia. Dakika 2, asubuhi na usiku. Magego yakianza kugusana, mswaki haupiti katikati yake, kwa hiyo pitisha uzi wa meno.

Endelea kumpigisha wewe hadi miaka 7 au 8. Mwache ajaribu kwanza, umalizie. Mkono wa mtoto wa miaka 4 hauwezi kazi hiyo, hata kama anajivunia kuifanya mwenyewe.

Kwa nini meno ya mbele ya juu ndiyo yanayooza kwanza?

Kwa sababu ya chupa ya usiku. Mtoto anayelala na chupa ya maziwa, juisi au chai yenye sukari, kimiminika hicho hubaki kikiyazunguka meno ya juu. Ya chini hufunikwa na ulimi na kuoshwa na mate. Mtu akilala, mate hupungua sana, na mate ndiyo yanayopunguza asidi mdomoni. Bakteria hula sukari, hutoa asidi, na hakuna wa kuizuia mpaka asubuhi.

Kwa hiyo mswaki wa usiku ndio usiokosekana, na baada yake ni maji matupu tu. Kama amezoea chupa, punguza maziwa na uongeze maji kidogo kidogo kila usiku kwa wiki moja au mbili, hadi yabaki maji peke yake.

Kunyonyesha hakuna haja ya kukuacha. Ila mtoto aliyepita mwaka na bado ananyonya mara nyingi usiku anahitaji kupigishwa mswaki kwa makini zaidi, na mchana asipewe vitu vya sukari mara kwa mara. Hesabu mara, si gramu tu: pipi inayomungunywa nusu saa huharibu kuliko keki iliyoliwa na kuisha.

Nitajuaje kuoza kumeanza?

Kila mwezi inua mdomo wa juu, kausha meno kwa kitambaa, utazame pembeni mwa ufizi. Mstari mweupe usiong'aa, kama chaki, ni dalili ya kwanza. Hapo jino bado linaweza kujirudi kwa floraidi na kupunguza sukari. Ukiona rangi ya kahawia, jino limeshaanza kubomoka, mpeleke. Kwa kweli asisubiri hilo: ukaguzi wa kwanza uwe kabla hajatimiza mwaka 1.

Meno yakiota huleta homa na kuhara?

Huleta udenda, fizi kuvimba na usumbufu. Joto la 38 au zaidi, au kuhara, kuna sababu nyingine, tafuta matibabu. Dawa za kupaka fizini zenye benzokaini (dawa ya ganzi) asipewe mtoto chini ya miaka 2, kwani zinaweza kuzuia damu kubeba oksijeni. Kifaa cha kung'ata kilichopoa kwenye friji, si kuganda, kinatosha.

Kuna jino limeota nyuma kabisa na hakuna lililong'oka. Ni nini?

Gego la kudumu la kwanza, mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Wazazi wengi huliacha lioze wakidhani ni la utoto. Muulize daktari kuhusu kuziba mifereji yake mapema.

Ameanguka, jino limetoka zima. Nilirudishe?

La utoto usilirudishe. Unaweza kuumiza la kudumu lililo chini yake. La kudumu lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu lisuuze kidogo kwa maziwa bila kusugua, lirudishe mahali pake, aliume kwa kitambaa safi. Ikishindikana, liweke ndani ya maziwa. Nafasi ya kushika tena hupungua sana baada ya saa moja likiwa kavu, kwa hiyo nenda kwa daktari wa meno papo hapo.