CT-scan ya ini: mbona napigwa picha mara tatu?

Ultrasound imeonyesha uvimbe kwenye ini langu. CT-scan ya nini tena?

Ultrasound imesema kuna kitu. CT-scan, yaani picha za mionzi zinazounganishwa na kompyuta, hasa ile ya kuchomwa dawa, husaidia kujua ni kitu gani. Na usianze kuaga watu: si kila uvimbe wa ini ni saratani.

Picha tatu za nini? Mashine mbovu?

Mashine nzima; kila picha hunasa dawa ikiwa hatua tofauti. Ini hupata damu kwa njia mbili: takriban robo tatu kupitia vena itokayo matumboni, robo kupitia ateri. Saratani inayoanzia kwenye ini lenyewe hunyonya zaidi ateri, na hapo ndipo inapojiumbua. Dawa ya iodini ikiingia mkononi, sekunde kama 35 baadaye iko kwenye ateri: uvimbe unawaka mweupe, ini bado la kijivu. Kwenye sekunde ya 70 hivi ini nalo limejaa dawa. Dakika 3 hadi 5, saratani imeshaiachia, imebaki doa jeusi. Kwa mwenye ini lililosinyaa au homa ya ini B sugu, kuwaka na kufifia huko mara nyingi humtosha daktari bila kukata kipande cha ini cha kupima.

Hemanjioma, uvimbe wa mishipa usio na madhara, hujaa polepole kutoka pembeni kwenda katikati. Kifuko cha maji hakiwaki kabisa; jipu huwaka ukingo. Kifuko chenye vifuko vidogo ndani, kwa mtu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, humfanya daktari afikirie tegu wa mbwa. Hicho hakitobolewi ovyo, maji yake yakimwagika huweza kuleta mzio mkali.

Inaonyesha mafuta?

Ndiyo, tena bila dawa. Ini lenye afya huwa jeupe kidogo kuliko bandama. Likijaa mafuta linageuka jeusi zaidi. Ila mafuta machache huipita CT-scan, na kwa mafuta peke yake sioni sababu ya kula mionzi. Anza na ultrasound.

Nijiandae vipi?

Sema mapema kama una mimba, figo zinasumbua, unatumia metformin (dawa ya kisukari), au dawa ya iodini iliwahi kukuwasha. Ikiingia, joto hushuka mpaka kinenani. Wengi hudhani wamejikojolea. Mdomoni ladha ya chuma. Dakika chache limeisha. Picha za zamani zipo? Njoo nazo.