Agterryer: zaidi ya saisi

Ukitazama picha za vikosi vya Makaburu waliopigana na Waingereza Afrika Kusini kati ya Oktoba 1899 na Mei 1902, mara nyingi utamwona pembeni Mwafrika kashika hatamu za farasi. Huyo ndiye agterryer. Neno ni la Kiafrikana: agter ni nyuma, ryer ni mpanda farasi. Kwa Kiswahili mtu angekimbilia kumwita saisi, yaani mtunza farasi, lakini hapo atakuwa amemweleza nusu tu.

Makaburu wengi hawakuwa askari wa mshahara. Aliyeitwa vitani alitakiwa kuja na farasi wake, bunduki yake na risasi za kuanzia. Mwenye uwezo alikuja pia na mtumishi wake wa shambani. Mtumishi huyo ndiye aliyetafuta kuni, akapika, akalisha farasi, akabeba bunduki ya akiba. Risasi zilipoanza kulia, bwana alishuka kupiga shabaha chini, naye akabaki nyuma na farasi. Basi ile sifa ya Kaburu, kutokea ghafla, kupiga na kutokomea, sehemu yake ilikuwa mikononi mwa mtu asiyetajwa.

Inakadiriwa watumishi hao walifika 10,000 hivi. Wapo waliokulia shamba moja na mabwana zao, wapo waliochukuliwa kwa nguvu, na wapo waliopewa bunduki wakapigana, ingawa pande zote mbili zilishikilia kwamba hivi ni vita vya wazungu watupu. Waingereza nao hawakuwa wakweli: Waafrika wapatao 100,000 waliwatumikia kama wapelelezi, walinzi na waendesha mikokoteni, na Kitchener mwenyewe, jenerali wao mkuu, alikuja kukiri kwamba zaidi ya 10,000 kati yao walikuwa na silaha. Makaburu walipomkamata mpelelezi Mwafrika wa upande ule, mara nyingi walimpiga risasi papo hapo. Mwafrika mwenye bunduki alikuwa kosa akiwa upande wa adui tu. Kwa upande wako alikuwa mtumishi.

Mkataba wa Vereeniging, uliomaliza vita hivyo, ulitiwa saini tarehe 31 Mei 1902. Kifungu chake cha nane kilisema suala la Waafrika kupiga kura lisiamuliwe mpaka majimbo ya Makaburu yarudishiwe serikali ya ndani. Transvaal, mojawapo ya majimbo hayo, ilirudishiwa yake miaka minne baadaye, na kura ikawa ya wanaume wazungu peke yao.