Je, wajua kwa nini vioo vya kanisa la Croick vimeandikwa kwa nje?

Kaskazini mwa Uskoti, kiasi cha kilomita 16 magharibi mwa kijiji cha Ardgay, barabara nyembamba hupanda na bonde la mto Carron hadi nyumba zinapoanza kuadimika. Huko ndiko liliko kanisa dogo la Croick. Kwa mbali ungedhani ni ghala lililojengwa kwa uangalifu: kuta nene, paa la vigae vya mawe, na juu ya ukingo wa paa kijumba cha kengele. Halina mnara wala sanamu, na madirisha yake hayana vioo vya rangi. Lakini zunguka upande wa mashariki, sogeza uso dirishani. Vioo ni vidogo vidogo, vimekatwa umbo la almasi, na juu yake kuna maandishi yaliyokwaruzwa kwa kitu chenye ncha. Kioo kimoja kinasema watu wa Glencalvie, bonde la jirani, walikuwa hapa tarehe 24 Mei 1845. Kingine kinawaita watu hao hao kizazi kiovu.

Waliokwaruza walikuwa wamefukuzwa makwao, nao walisimama nje, makaburini. Kwa nini watu waliofukuzwa makwao wakimbilie kanisani, halafu walale nje ya ukuta wake? Na kwa nini watu waliozaliwa, wakasali na kugombana kwa Kigaeli, lugha ya kwao, waandike Kiingereza? Jibu liko katika habari ya ardhi, lakini haieleweki vizuri bila kujua jengo lenyewe lilitoka wapi.

Mwaka 1823 Bunge la London lilipitisha sheria ya kutoa pauni 50,000 ili yajengwe makanisa katika Nyanda za Juu na visiwa vya Uskoti. Huko parishi moja iliweza kuwa pana kama wilaya, na mtu angetembea siku nzima kwenda kusikiliza mahubiri. Croick, kwa mfano, ilikuwa pembe ya mbali ya parishi ya Kincardine. Kwa sheria ya Uskoti, wenye ardhi wa parishi ndio waliopaswa kujenga kanisa na nyumba ya mchungaji na kuvitunza, na wengi wao hawakuwa na haraka ya kujenga la pili. Serikali ikaingia. Usidhani ni upendo wa Injili peke yake: miaka michache nyuma Bunge hilo hilo lilikuwa limetoa pauni milioni moja kwa makanisa ya Kianglikana huko Uingereza, na Waskoti walijua kuhesabu.

Kazi alikabidhiwa Thomas Telford, mhandisi wa barabara, madaraja na mifereji, yule aliyesimamia Mfereji wa Caledonia uliofunguliwa mwaka 1822. Alipewa masharti ya mhandisi: kanisa na nyumba ya mchungaji, vyote kwa pamoja, visizidi pauni 1,500 kila mahali, hata pale ambapo mbao na chokaa vililetwa kwa mashua. Mchoro uliochaguliwa ulikuwa wa msaidizi wake, William Thomson, na ukarudiwa karibu vilevile kila kona. Yakajengwa makanisa 32. Ukiona lile la Plockton la mwaka 1827, la kisiwa cha Iona la mwaka 1828 au la Ullapool la mwaka 1829, umekwisha kuijua sura ya Croick, lililokamilika mwaka 1827. Fremu za madirisha zilikuwa za chuma cha kusubu, zenye vijumba vya kushikilia vioo vidogo, jambo lililorahisisha usafirishaji: kioo kidogo hakivunjiki upesi njiani, na kikivunjika hubadilishwa peke yake. Kwa hiyo karatasi ambayo watu wa Glencalvie wangeiandikia baadaye ilikatwa na mhandisi aliyekuwa anabana matumizi.

Umbo la jengo ni la herufi T, na hapo kuna historia ndefu zaidi. Mwaka 1560 Bunge la Uskoti lilikataa mamlaka ya Papa na kupiga marufuku Misa. Kanisa la zamani lilikuwa refu, macho yote yakielekea madhabahuni mwisho wa upande wa mashariki. Warekebishaji wa akina John Knox walitaka masikio. Wakaiondoa madhabahu na kuweka mimbari katikati ya ukuta mrefu, mara nyingi ule wa kusini, watu wakae mbele yake na pande zake mbili. Panapohitajika nafasi zaidi, unaongeza chumba kinachotazamana na mimbari, na tayari una T. Katika mpango huo hakuna aliye mbali na mhubiri, wala hakuna wa kusinzia kwa siri. Madirisha mawili marefu huwekwa kulia na kushoto kwa mimbari ili mwanga uangukie Biblia.

Siku ya Meza ya Bwana ililetwa meza ndefu hasa, waumini wakaketi kando yake kama wageni kwenye karamu, na aliyetaka kukaribia alihitaji kitokeni, kisarafu cha madini ya risasi, kutoka kwa wazee wa kanisa waliothibitisha mwenendo wake. Hapakuwa na kinanda. Chini ya mimbari alikaa mwongoza zaburi. Yeye huimba mstari, kusanyiko linaudaka na kuuvuta kila mtu kwa mapambo yake. Msomaji wa PCEA, Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, huko Kenya, atatambua mengi hapa, maana wazee wa kanisa na vikao vyao vililetwa Kikuyu na wamisionari wa Kiskoti mwishoni mwa karne ya 19.

Wazee hao walikuwa na kazi nyingine inayotuhusu zaidi. Parishi ilikuwa pia ofisi ya ustawi wa jamii. Mkate wa maskini, ada ya yatima, jeneza la asiye na ndugu, vyote vilipitia kwao, kutoka sanduku la sadaka na michango ya wenye ardhi. Mtu akipoteza paa, mahali pa kwanza panapomfahamu kwa jina ni kanisa la parishi yake.

Sasa twende Glencalvie, bonde la jirani. Hapo ziliishi familia 18 hivi, wengi wao akina Ross, zikilima viazi na shayiri na kufuga ng'ombe kwenye ardhi ya mtu, kama mababu zao. Kodi walikuwa wanalipa. Tatizo lilikuwa kondoo. Tangu mwisho wa karne ya 18 mfugaji mmoja wa kondoo kutoka kusini aliweza kumlipa mwenye ardhi zaidi ya kijiji kizima, tena bila kelele za watoto. Mabonde yakasafishwa moja baada ya jingine, katika yale yanayoitwa mahamisho ya Nyanda za Juu. Huko Sutherland, jirani tu, maelfu walikuwa wameondolewa kati ya mwaka 1811 na 1820. Mwenye Glencalvie alikuwa Robertson wa Kindeace, lakini aliyeonekana na watu alikuwa wakala wake, James Gillanders. Notisi za kwanza zililetwa mwaka 1842. Wanawake waliwatangulia maofisa njiani, wakazinyakua karatasi na kuzichoma moto. Hilo liliwapa muda. Mei 1845 muda ukaisha.

Gazeti la The Times la London lilimtuma mwandishi wake, na kwa sababu hiyo tunajua mengi kuliko ya mabonde mengine yaliyonyamazishwa. Alikuta nyuma ya kanisa la Croick, katikati ya makaburi, kibanda kirefu: paa ni turubai lililotandazwa juu ya nguzo, kuta ni matandiko ya farasi, mazulia, mablanketi na shuka za sufi. Ndani yake waliishi watu wapatao 80, wakiwemo watoto wachanga na wagonjwa. Mei ya huko bado ina baridi ya kuuma. Na hatua chache kutoka walipolala lilisimama jengo lenye paa zima lililolipiwa na Bunge, kwa ajili yao.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba waliliheshimu mno, wakaona ni kufuru kupika na kulaza watoto katika nyumba ya Mungu. Sina sababu ya kulikana hilo, ndivyo walivyolelewa. Ila tarehe inanifanya niangalie pia jambo la pili. Tangu sheria ya mwaka 1711 mwenye ardhi ndiye aliyekuwa na haki ya kuwachagulia watu mchungaji, wapende wasipende, na ugomvi huo ulipopasuka Mei 1843, wachungaji zaidi ya 450 kati ya 1,200 hivi walitoka katika Kanisa la Uskoti siku zile na kuanzisha Kanisa Huru. Walipoteza mishahara, nyumba na majengo. Katika Nyanda za Juu karibu umma wote uliwafuata. Mchungaji wa Croick, Gustavus Aird, alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo mwaka 1845 watu wa Glencalvie walikuwa na mchungaji aliyewatetea mpaka kwenye magazeti, lakini jengo halikuwa lake tena, wala lao. Walisali kwa Kigaeli kwenye mteremko wa kilima, chini ya mbingu. Makaburi ni kitu kingine: pale wamelala wazazi wao, na hakuna wakala anayeweza kumpa maiti notisi.

Wenye ardhi wengi walikataa hata kulipatia Kanisa Huru kiwanja. Huko Strontian, mahali penye kanisa lingine la Telford, waumini walinyimwa ardhi wakaagiza kanisa la chuma linaloelea, likavutwa na kutiwa nanga katika ghuba ya Loch Sunart mwaka 1846. Wenyeji walisema lilizama inchi moja zaidi kwa kila watu mia walioingia, ndiyo maana siku hizo kupima umaarufu wa mhubiri kulikuwa rahisi.

Kuhusu Kiingereza, sababu ni shule. Biblia nzima kwa Kigaeli ilikuwapo tangu mwaka 1801 na wengi waliweza kuisoma au kuisikia ikisomwa, lakini kalamu ilifundishwa kwa Kiingereza, na karatasi zote zenye nguvu juu ya maisha yao, risiti ya kodi, notisi ya kuhama, barua ya wakala, zilikuwa za Kiingereza. Aliyekwaruza kioo alitaka kusomwa na watu wa nje ya bonde. Akaandika kwa lugha yao. Wengine waliacha jina tu: John Ross, mchungaji wa kondoo. Kazi hiyo inauma ukiifikiria sana.

Lakini kizazi kiovu? Ni lugha ya Injili ya Mathayo, pale Yesu anapowakemea waliotaka ishara. Wapo wahubiri wa enzi hizo waliowaambia watu kwamba kuhamishwa ni fimbo ya Mungu kwa dhambi zao, na inawezekana kabisa mwandishi aliamini hivyo: bonde letu limechukuliwa, basi bila shaka tumekosa. Ndivyo wengi wanavyoyasoma maneno hayo. Nikitazama watu ambao wanawake wao walichoma notisi mbele ya maofisa, naona pia uwezekano wa kejeli: andika walivyotuita, ili atakayepita ajue tuliitwaje. Maneno mawili matatu hayawezi kutuamulia, na mimi nayaacha yabebe yote mawili.

Kambi ile haikudumu. Michango ilipatikana, familia chache zikapewa vipande vya ardhi mbovu kwingine, wengine wakatawanyika. Gillanders aliendelea na kazi. Mwaka 1854, huko Greenyards katika bonde hilo hilo la Carron, polisi waliwapiga kwa virungu wanawake waliojaribu kuzuia notisi, wengine wakaumizwa vibaya vichwani. Sheria ya kumlinda mpangaji mdogo asifukuzwe ovyo ilikuja mwaka 1886, baada ya tume ya serikali kuzunguka Nyanda za Juu ikiwauliza watu wenyewe. Glencalvie kufikia hapo ilikuwa malisho.

Kanisa bado lipo. Ukifika, usiishie madirishani. Karibu na ukuta wa makaburi kuna kifusi cha mawe kilichoota majani, mabaki ya ngome ya duara ya Enzi ya Chuma, ishara kwamba bonde hili tupu lilikuwa na wakazi karne nyingi kabla Telford hajaleta rula yake.