Milki ya maharaja si koloni

Kila yanapozungumzwa mambo ya Wahindi wa Afrika Mashariki, hatukosi mtu wa kusema walitoka "koloni la Uingereza". Waliotoka Bombay, haya. Lakini Wahindi wa Kutch, milki ya maharaja iliyokuwa magharibi mwa India, ambao Unguja hawakuwa haba, hawakutoka koloni.

Milki ya maharaja ni nchi iliyobaki na mtawala wake wa kurithi baada ya kufunga mkataba na Waingereza: wao washike ulinzi na mambo ya nje, yeye ashike ya ndani, huku mwakilishi wao akimchungulia. Hadi 1947 milki hizo zilikuwa zaidi ya 500. Nyingine zilikuwa vijiji vichache tu.

Mji wa Bhuj ulikuwa makao makuu ya Kutch tangu 1549, chini ya watawala walioitwa Rao. Mkataba na Waingereza ulifungwa 1819, lakini Rao hakuacha kutoza forodha yake wala kupiga sarafu yake, kori. Ishike kori ya fedha ya wakati wa Malkia Victoria: upande mmoja jina la malkia kwa herufi za Kiajemi, upande wa pili jina la Rao kwa herufi za Kihindi. Riziki ya Bhuj ilitegemea sana bandari ya Mandvi, ambako majahazi yalipakia vitambaa vya pamba, yakaja Unguja na kaskazi, yakarudi na kusi yamebeba pembe za ndovu. Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi haki ya kutoza forodha ya Unguja kwa miaka mingi, alikuwa mtu wa Kutch.

Na tofauti hii ilikuwa na uzito wake. Mwaka 1860 Rigby, konseli (mwakilishi) wa Uingereza Unguja, alipowakataza Wahindi wa Unguja kumiliki watumwa, likazuka swali: Wakutch ni watu wa nani? Si raia wa malkia, ni raia wa Rao. Wapo waliojiweka chini ya Sultani, wakabaki na watumwa wao. Ndiyo maana ilibidi Rao Pragmalji wa Pili mwenyewe atoe tangazo, mwaka 1869, kuwaweka watu wake walioko Zanzibar chini ya mamlaka ya Waingereza. Raia wa koloni hahitaji tangazo la namna hiyo.

Basi, ukimtaja mfanyabiashara aliyeng'oa nanga Mandvi zama hizo, tafadhali mwite raia wa Rao wa Kutch, aliye chini ya ulinzi wa Uingereza. Ni maneno marefu kidogo, najua.