Muhuri wa tovuti za afya: ulithibitisha nini, na sasa uko wapi?

Nilikuwa nasoma kuhusu shinikizo la damu, chini kabisa ya ukurasa nikakuta alama ya HONcode. Ni kitu gani?

Ni muhuri wa Health On the Net, shirika lisilo la kibiashara lililoanzia Geneva, Uswisi. Mwaka 1995, intaneti ikiwa bado changa, wataalamu walikutana mjini humo wakitafuta namna ya kumwezesha mgonjwa kujua cha kuamini. Mwaka uliofuata zikatoka kanuni nane. Tovuti iliomba yenyewe, wakaguzi wakaipitia, ikifaulu ikapewa muhuri. Maelfu ya tovuti ziliubeba.

Kanuni zenyewe hazihitaji usomi. Aliyeandika ajulikane, na sifa zake pia. Maelezo yamsaidie mgonjwa kuzungumza na daktari wake, yasichukue nafasi ya daktari. Siri za msomaji zilindwe. Vyanzo na tarehe vionekane, madai ya tiba yawe na ushahidi, na pawe na njia ya kuwasiliana na wahusika. Anayelipia tovuti atajwe, na tangazo lisivishwe nguo za ushauri wa kitabibu.

Kwa hiyo kila kilichoandikwa kwenye ukurasa wenye muhuri kilikuwa kweli?

Hapana, na wengi walikosea hapo. Muhuri ulithibitisha mwenendo wa tovuti. Haukuhakiki kila sentensi.

Chukua malaria. Ukurasa wa mwaka 2000 uliosema klorokwini ndiyo dawa ya kwanza ya malaria Tanzania, ukataja mwandishi, chanzo na tarehe, ungekuwa umefuata kanuni na ungekuwa sahihi. Mwaka 2001 nchi ikaiacha klorokwini kwa kuwa vimelea vilishakuwa sugu, ikahamia dawa nyingine, SP. Mwaka 2006 ikaja dawa mseto, ALu. Ukurasa ule ukibaki bila kuguswa, mzazi anayeufuata leo atampa mwanawe dawa iliyokwisha kuachwa, huku homa ikiendelea kupanda. Ndiyo maana mimi nikifungua ukurasa wowote wa tiba, jicho langu huenda kwanza kwenye tarehe.

Muhuri huo bado unatolewa?

Hautolewi tena. Shirika lilifunga shughuli zake Desemba 2022. Ukiuona leo, hiyo ni picha iliyosahaulika au iliyobandikwa tu. Zamani ungeubofya ukapelekwa kwenye cheti cha tovuti husika. Sasa hakuna mkaguzi nyuma yake. Nasikitika, maana kazi ile ilikuwa njema.

Kwingine juhudi zinaendelea. Uingereza, kwa mfano, ina alama ya PIF TICK, inayokagua namna taasisi inavyoandaa maelezo kwa wagonjwa.

Mama yangu hasomi tovuti za Ulaya. Yeye hupokea ujumbe wa WhatsApp kwa Kiswahili. Hayo yatamsaidia nini?

Yatamsaidia sana, kwa sababu maswali ya wakaguzi wale anaweza kuyauliza mwenyewe. Kaeni pamoja, mshike simu. Tuseme ujumbe unasema: "Daktari bingwa athibitisha: kisukari kinaisha kabisa kwa siku 14. Acha sindano. Tuma kwa watu kumi." Daktari gani? Hana jina. Amethibitisha lini, wapi? Kimya. Sogezeni hadi chini: kuna namba ya kuagizia dozi. Basi anayekushauri ndiye anayekuuzia, na hakukwambia hivyo mwanzoni. Kwangu, hayo maneno "acha sindano" peke yake yanatosha kuukataa ujumbe, maana yanamtenga mgonjwa na tiba inayomweka hai.

Jina la daktari likitajwa, litafuteni kwenye orodha ya madaktari waliosajiliwa: Tanzania ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari la huko. Dawa nayo ina pa kuulizwa: TMDA, mamlaka ya dawa, kwa Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Jina kuwemo kwenye orodha hakumaanishi kwamba ndiye aliyeandika ujumbe, kwani picha za madaktari halisi hubandikwa kwenye matangazo bila wao kujua.

Na tafadhali usimfokee mama. Akiwatumia ujumbe kama huo, ni kwa sababu anawapenda. Mwambie, "Mama, hebu tumtafute huyu daktari," mkatafute pamoja.

Na kama ameshaanza kutumia dozi hiyo na kuacha sindano za insulini?

Msingoje dozi iishe. Mpelekeni kituo cha afya leo, mkibeba chupa au pakiti pamoja na ule ujumbe. Mwambieni mhudumu wazi ameacha sindano tangu lini. Msifiche kwa aibu. Mama akiwa anatapika, tumbo linauma, anahema haraka au ameanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura: nendeni moja kwa moja hospitali yenye huduma za dharura, hata kama ni usiku wa manane.